Kamera Ndogo Hupimwa kwa Uso Wenye Msiro

Ukitaka kujua kama kamera ndogo ya kidijitali ni nzuri, iache kwanza ile namba kubwa iliyochapwa mbele yake. Iweke mbele ya mwanamke wa Palma au Mocímboa da Praia aliyepaka msiro, jua likiwa juu na mchanga mweupe nyuma yake, umpige picha moja tu, kisha uikuze picha hiyo kwenye skrini. Msiro ni mti unaosagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo hadi uwe uji mweupe, na wanawake wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, huupaka usoni kwa urembo na kwa kulainisha ngozi. Ukikauka huwa mweupe hasa. Sijaona kipimo kinachoitesa kamera kuliko huo: weupe kabisa na weusi kabisa, vyote kwenye uso mmoja.

Picha njema utaijua hivi. Juu ya msiro unaona chembe za mti na michirizi ya vidole vilivyoupaka. Papo hapo, shingoni na masikioni pasipopakwa kitu, unaiona ngozi ina rangi: wekundu uliojificha ndani ya weusi, mng'ao wa jasho, kivuli kidogo chini ya kidevu. Picha mbaya huanguka upande mmoja kati ya miwili. Ama msiro umeungua, umekuwa bamba jeupe lisilo na chembe, ama msiro umesalimika lakini shingo imezama gizani pamoja na nywele na kanga. Kamera ikiweza kuvishika vyote viwili kwa mkupuo mmoja, mengine yote yanazungumzika.

Chanzo cha taabu hii ni kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera. Hakimjui mtu wala mchanga. Chochote utakachokiweka mbele yake hukivuta kuelekea kijivu cha katikati, kile kinachorudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Ukikionyesha ufuo mweupe, kinadhani mwanga umezidi, kinapunguza, na aliyesimama pale anatoka kama kivuli. Ukikionyesha mzee mweusi aliyekaa ndani ya nyumba yenye dirisha dogo, kinadhani mwanga ni haba, kinaongeza, na mzee anatoka mwenye rangi ya majivu. Nyuso zetu zimekosewa kwa namna hizi mbili tangu zamani, na kosa hilo lina historia. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe, na filamu zenyewe zilitengenezwa kwa ajili ya ngozi ya namna hiyo. Jean-Luc Godard, mtengeneza filamu aliyealikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 kushauri kuhusu televisheni ya nchi iliyotoka kupata uhuru, anatajwa mara nyingi kuwa alizikataa filamu za Kodak kwa sababu hiyo. Kodak walipokuja kuzirekebisha, malalamiko yaliyosikika zaidi yalikuwa ya watengeneza chokoleti na wauza samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri. Mwenye kamera ya kidijitali leo ana bahati waliyoikosa waliotutangulia: marekebisho yako kwenye kidole chake.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kukitafuta kwenye kamera, kabla ya zumu na kabla ya megapikseli, ni kitufe au gurudumu lenye alama ya kujumlisha na kutoa (+/−). Hicho ndicho kinachomwambia kipimo: hapa ongeza, hapa punguza. Ufuoni mchana, anza na +0.7 au +1, piga, kisha tazama msiro. Ukiona chembe zimepotea, rudi nyuma hatua ndogo. Ndani ya nyumba yenye giza, shuka hadi −0.7 ili ngozi irudi kwenye weusi wake. Kamera nyingi zina onyo linalofanya sehemu zilizoungua ziwake na kuzimika wakati wa kutazama picha. Liwashe na uliache limewaka siku zote. Na kamera ambayo kitufe hicho kimefichwa ndani ya menyu ya ukurasa wa tatu mimi siipendekezi kwa mtu wa pwani hii, hata ikiwa na sifa gani. Utakapofika ukurasa wa tatu, mtu amekwisha kugeuza uso.

Mwanga wa huku nao una tabia zake. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linatoka baharini na kumpiga moja kwa moja machoni anayelitazama, naye anakunja uso. Alasiri mambo hugeuka. Jua likishuka nyuma ya nyumba na minazi, kivuli kikiufikia mchanga, mwambie mtu aitazame bahari. Anga yote iliyo juu ya maji inakuwa taa moja pana na laini, na hakuna studio yenye taa ya namna hiyo. Mchana wenyewe, kibaraza cha makuti kinatosha. Kaa chonjo na kivuli cha mkorosho, maana majani huipaka ngozi ukijani, na zaidi na turubai la buluu, ambalo humtoa mtu kama mgonjwa. Chini ya turubai usiiachie kamera iamue rangi yenyewe. Tafuta mpangilio wa mizania ya weupe, uilenge kanzu nyeupe au karatasi iliyo chini ya mwanga uleule, uithibitishe, ndipo upige.

Tuje kwenye ununuzi. Mwaka 2010 viwanda vilisafirisha zaidi ya kamera ndogo milioni 100 duniani, kabla simu hazijaua biashara hiyo, na ndiyo maana za mitumba zimejaa madukani, kuanzia Kariakoo hadi Nampula. Kinachotofautisha moja na nyingine ni ukubwa wa sensa, kile kipande kinachopokea mwanga. Nyingi zina sensa ya takribani milimita 6.2 kwa 4.6. Chache zina ile inayoitwa ya inchi moja, ambayo kwa kweli ni milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni mara nne. Ndiyo inayoushika msiro na shingo kwa pamoja. Sony RX100 ya 2012 ndiyo iliyoingiza sensa hiyo kwenye kamera ya mfukoni, na Canon G7 X ikafuata 2014. Asiyefikia bei hizo atafute Canon S95 ya 2010. Ina megapikseli 10 tu, sensa yake iko katikati kwa ukubwa, na ina gurudumu linalozunguka lenzi unaloweza kulipa kazi uitakayo. Kamera ya bei rahisi inayojisifu kwa megapikseli 20 juu ya sensa ndogo imegawa chakula kilekile kwa watoto wengi zaidi.

Ukishikishwa ya mitumba, ichunguze bila haraka. Iwashe, uisogeze sikioni. Lenzi inapotoka isikike sauti moja laini. Ukisikia kusaga, kuna mchanga ndani, na lenzi hiyo itakwama siku moja ikiwa nje, haitoki wala hairudi. Zima, washa tena. Vile vibati vinavyofunika kioo vifunguke vyote kwa pamoja. Fungua mlango wa betri: kutu ya kijani kwenye vibati vya shaba vinavyogusa betri ni chumvi iliyokwisha kuingia. Tazama skrubu za chini, maana zikiwa na kutu nje, fikiria za ndani. Betri iliyovimba, hata kidogo, irudishe papo hapo. Angalia pia inatumia kadi gani. Olympus na Fujifilm za zamani zilitumia kadi za xD, ambazo hazitengenezwi tena, na kamera za SD za kabla ya 2006 kwa kawaida hazisomi kadi inayozidi GB 2.

Halafu tundika kanga ukutani, iliyonyooka, yenye pindo pande zote na jina lake chini. Simama sawasawa mbele yake, piga, ukuze pembe zote nne. Pindo lazima lisomeke sawa katika kila pembe, na herufi za jina ziwe kali. Pembe moja ikiwa na ukungu na nyingine tatu safi, lenzi imepinda ndani, huenda iliwahi kuanguka, na fundi wa kuirudisha ni wa kumtafuta mbali. Kisha ielekeze kamera angani palipo wazi, ukiwa umepunguza tundu la lenzi hadi mwisho ikiwa kamera inaruhusu. Madoa ya kijivu yanayobaki mahali palepale katika kila picha ni vumbi juu ya sensa, na kwenye kamera ya lenzi isiyobandukika, vumbi hilo halifikiki mpaka kamera ifunguliwe yote. Mwisho mulika kioo kwa tochi kwa mshazari. Nyuzinyuzi kama za buibui ni fangasi. Usiinunue, hata kwa bei ya kutupa.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda, na mahali pake ni Ibo. Katika ngome ya São João Baptista, ile yenye umbo la nyota ya mwaka 1791, wahunzi wa fedha husokota nyuzi nyembamba mno za fedha kuwa mikufu na vipuli. Weka kamera kwenye alama ya ua, yaani upigaji wa karibu, uulenge mkufu. Ukiweza kuuhesabu kila uzi ulivyopita juu ya mwenzake, lenzi ni ya kweli. Ukiona utepe unaong'aa tu, umejua. Flashi izime kabisa, kwa sababu fedha hurudisha mwanga wote mahali pamoja na kazi ya fundi hupotea. Kwa kazi hii zile kamera za Olympus zinazostahimili maji, kama TG-6 ya 2019, huzishinda nyingi zilizo ghali zaidi. Zinasogea hadi sentimita moja, na huzama mita 15, jambo ambalo kwa anayepanda mashua kwenda visiwani si anasa.

Kuitunza ndiko wengi wanakoshindwa, na adui mkubwa ni chumvi kuliko hata mvua. Pepo za kusi na kaskazi zote huileta, na haihitaji wimbi. Kila jioni iliyotumika ufuoni, lowesha kitambaa laini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukikamue hadi kikaribie kukauka, upanguse mwili wote wa kamera, kisha upanguse tena kwa kikavu. Kioo kinapulizwa kwanza kwa pampu ya mpira ili mchanga utoke, ndipo kinafutwa. Ukikifuta kwa ncha ya shati au ya kanga mchanga ungalipo, umekikwaruza mwenyewe, na mkwaruzo hautoki. Wapo wanaotia mafuta ya cherehani kwenye lenzi inayosaga. Mafuta hayo hutambaa hadi kwenye vioo, na kuanzia hapo kamera imekwisha.

Fangasi hupenda giza, joto na hewa iliyotuama, na kabati la nyumba ya pwani kati ya Desemba na Aprili lina vyote vitatu. Mfuko wa ngozi ndio mbaya zaidi, kwa sababu unashika unyevu. Tafuta chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, kile cha kuwekea chakula, utie ndani vifuko vya silika jeli. Ile inayobadilika rangi ni bora: ikibadilika, ikaushe kwa moto mdogo na uirudishe. Mchele, ambao wengine huutumia kunyonya unyevu, uuache jikoni, maana vumbi lake huingia kwenye viungo vya lenzi. Na unapotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, huko Pemba kwa mfano, ifunge kamera ndani ya mfuko wa nailoni kabla hujafungua mlango, na uiache humo nusu saa. Bila hivyo, unyevu wa hewa ya nje utageuka maji juu ya vioo vyake, na ndani pia.

Betri ya akiba ihifadhiwe ikiwa na chaji ya nusu, mahali pa baridi, nje ya kamera. Jenereta inayopanda na kushuka huua chaja, kwa hiyo subiri umeme utulie ndipo uchomeke.

Jambo moja kuhusu usalama. Tangu mashambulizi ya waasi yaanze Mocímboa da Praia Oktoba 2017, kamera huku inatazamwa kwa jicho kali. Kwenye vizuizi vya askari, bandarini, na karibu na Afungi penye mradi wa gesi, ibaki mfukoni imezimwa. Mtaani, salamu hutangulia: shikamoo kwanza, ombi baadaye, na akikataa mtu usimpige hata kwa mbali.

Picha zenyewe zinahitaji makao mawili. Kimbunga Kenneth cha 25 Aprili 2019 kilibomoa nyumba pamoja na vilivyokuwamo, na Palma iliposhambuliwa Machi 2021 watu walikimbia na walichoweza kubeba. Kadi ikijaa, nakili yote mara mbili, nakala moja ikae kwa ndugu aliye mji mwingine, Pemba au Mtwara. Zilizo bora zichapishe. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inataka pikseli 1,200 kwa 1,800 tu, kiasi ambacho kamera kongwe ya megapikseli tano inakitoa na kubakiza. Nyuma andika jina, kijiji na mwaka kwa penseli laini. Wino wa kalamu huyeyuka unyevu ukiingia, ukauchafua uso wa picha iliyolaliwa chini yake.