Ufundi wa Kutojibu Haraka

Kwetu, ukimweleza mtu shida yako, ushauri unakuja kabla hujamaliza kusema. Vumilia, sali, kamwone mjomba wako. Ndiyo maana nawavulia kofia watu ambao kazi yao ni kutosema hayo.

Tuseme ni dereva wa watalii hapa Karatu, baba wa watoto, aliyekaa nyumbani mwaka 2020 utalii uliposimama kwa sababu ya korona. Kazi imerudi, usingizi haujarudi. Anafika kwa mtaalamu wa tiba ya saikodinamiki, ile iliyochipuka kutoka kwa Sigmund Freud kule Vienna, na neno lake la kwanza ni, "Samahani, nimechelewa." Amechelewa dakika mbili. Wiki inayofuata amewahi, na bado anaomba samahani. Mtaalamu haharakishi kumwambia hakuna shida. Analiweka akilini neno hilo. Siku nyingine, samahani inapokuja tena, anauliza taratibu: "Ulidhani ningefanyaje?" Dereva anacheka, ananyamaza, kisha anamtaja baba yake, ambaye hadi siku hiyo hakuwa amemgusia hata mara moja.

Swali hilohilo lingeulizwa siku ya kwanza, lingepata jibu la adabu na habari ingeishia hapo. Taratibu mtu huanza kuishi na mtaalamu kama alivyozoea kuishi na mzazi wake, na ufundi ni kuliona hilo likitokea palepale chumbani bila kulihutubia. Dereva mwenyewe anaijua kazi hii: kule kreta ya Ngorongoro, kando ya msitu wa Lerai, faru hafukuzwi. Unazima injini unangoja, wageni watazame saa wapendavyo.

Tiba nyingine, ile ya kuzingatia pumzi, inaonekana nyepesi zaidi, na nadhani ndiyo sababu inaharibiwa sana. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Jon Kabat-Zinn alichukua mazoezi ya Kibudha akayapangia utaratibu wa wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Baadaye wanasaikolojia Segal, Williams na Teasdale wakayatumia kwa watu ambao sonona huwarudia: mtu anajifunza kuiona fikra ya "mimi si kitu" ikija, bila kuifuata kila iendako. Mkufunzi hodari hasomi maelekezo tu, anatazama mabega. Aliyepitia mambo ya kutisha anaweza kuvamiwa nayo akifumba macho. Akianza kutetemeka, anaambiwa kwa sauti ya kawaida kabisa afumbue macho, akanyage sakafu, ataje anachokiona dirishani.

Mkufunzi huyo anajua pia zana zake zinaishia wapi. Anayesikia sauti, au anayepanga kujiua, anahitaji kwanza daktari wa magonjwa ya akili, pengine na wodi kama za hospitali ya Mirembe, Dodoma.

Nafuu ya dereva wetu, ikija, huja kwa sura ndogo. Bosi anapiga simu saa tatu usiku, moyo unaanza kwenda mbio. Anaiacha iite mara mbili, anavuta pumzi, anatambua kwamba anayemwogopa siye bosi. Anapokea. Anaulizwa gari lina mafuta kiasi gani.