Ukingo wa Wavu Vyuoni: Kupita Ukaguzi Si Kulinda



Huku Marekani, majengo mengi ya vyuo siku hizi yana ngazi na roshani za ndani zilizozibwa kwa paneli za wavu wa nyaya zilizosukwa. Sifa zake ni za kweli: mwanga na hewa vinapita, haupasuki kama kioo, haudai kufutwa alama za vidole kila asubuhi, na paneli ikipinda inafunguliwa inabadilishwa, mambo kwisha. Hata kwa macho unapendeza kuliko vyuma vya wima vinavyokumbusha rumande. Mpaka hapo sina ugomvi.

Ugomvi unaanza msanifu anaposema ni salama ati kwa sababu kanuni imetimizwa. Kanuni ya ujenzi inayofuatwa sehemu kubwa ya Marekani inataka ukingo wa inchi 42, na matundu yasiyopitisha mpira wa inchi 4. Wavu wa matundu ya inchi 2 unafaulu bila jasho. Lakini mtihani huo unauliza kama mtoto atapenya. Hauulizi kama mtu mzima atapanda. Na tundu la inchi 2, jamani, linatosha kushika ncha ya kiatu.

Tazameni maktaba ya Bobst ya New York University, kazi ya Philip Johnson na Richard Foster, iliyofunguliwa 1973: ghorofa 12 zimezunguka ukumbi ulio wazi. Kwa picha, maajabu. Mwaka 2003 wanafunzi wawili walianguka humo wakafa, chuo kikaongeza vizuizi vya plastiki angavu. Mwaka 2009 akafa mwingine. Ndipo 2012 yakawekwa mabamba ya alumini yenye matundu, toka sakafuni hadi darini, yaliyobuniwa na Joel Sanders. Si wavu wa kusukwa, lakini kazi ni ileile, kupitisha mwanga na kuzuia mwili, na ukumbi bado unapendeza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta ulijengwa mara mbili.

Cornell nao, baada ya vifo vya 2010, waliweka uzio kwenye madaraja yao, na baadaye wakafunga chini yake nyavu za chuma kisichoshika kutu.

Najua atatokea mtu aseme anayetaka kufa hakosi njia. Hapana. Utafiti wa miaka mingi unaonyesha vizuizi vinapunguza vifo, maana saa ile ya giza mara nyingi hupita, na aliyezuiwa mara nyingi haendi kutafuta mahali pengine.

Wengi wetu hapa tunafundisha, na baadhi tunaitwa kwenye kamati za majengo. Tukionyeshwa michoro tusiishie kusifu wavu. Tuulize: matundu ni madogo kiasi cha kukosesha mguu pa kukanyaga? Na kwenye ukumbi wa ghorofa nyingi, kwa nini paneli iishie kifuani badala ya kufika darini? Tuulize kabla zege halijamwagwa.

Naomba kutoa hoja.