Nakshi Zilizofichwa Ndani

Unapoandama Mfunguo Sita, Lamu hujaa watu. Wanatoka Pate, Siyu, Mombasa, Unguja na Ngazija, wamekuja kwa Maulidi ya Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh aliyefariki mwaka 1935. Kuna matwari, kuna zefe, kuna mashindano ya mashua na ya punda. Lakini baina ya swala na swala zimo saa nyingi, nami huwahimiza wageni wazitumie kwa miguu: watoke Langoni, waufuate Usita wa Mui mpaka Mkomani, wakazitazame nyumba za mawe.

Kwa nje hawataona mengi. Kuta ni ndefu, madirisha machache, vichochoro vyembamba, na hapa na pale wikio limevuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili za jamaa. Pambo la nje ni mlango peke yake. Mgeni aliyezoea majumba yanayojionyesha barabarani huenda akapita hima, akidhani hakuna kitu. Nyumba hizi, ambazo nyingi zilijengwa karne ya 18, zilipangwa ili uzuri wake uongezeke kadiri mtu anavyozidi kuruhusiwa kuingia.

Anayekuja kwa shughuli huishia dakani, kwenye mabaraza mawili yanayoelekeana. Akikaribishwa, hupita tekani, mahali ambapo njia hupinda makusudi ili jicho la mpita njia lisifike kwa wenyewe. Kisha hutokea kiwandani, palipo wazi juu, ndiko mwanga unakotoka. Kutoka hapo vyumba vinafuatana: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani, na kila unapoingia unapanda kidogo. Vyote ni virefu kwa upande mmoja na vyembamba mno kwa upande wa pili, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi inayozidi kama mita 3 hivi. Upana ulikwishaamuliwa na mti. Fundi alibaki na ukuta.

Na ukuta aliutendea haki. Malighafi yake ilikuwa chokaa, kitu kinachodai subira kuliko kinavyodai nguvu. Matumbawe hupangwa juu ya rundo kubwa la magogo, yakachomwa mpaka yawe meupe na mepesi, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa. Chokaa iliyokaa muda mrefu kabla ya kutumiwa huwa laini na huushika ukuta vizuri. Ya haraka hupasuka. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyetaka kazi njema alilazimika kuanza kungoja kabla fundi hajagusa mwiko.

Lipu ikishapigwa, nakshi zinakatwa papo hapo ukutani kabla haijakauka kabisa. Nikiifikiria hatua hiyo nashika kichwa. Mchongaji wa mbao anaweza kuiweka patasi chini aende akale, arudi kesho aukute mti wake ulivyo. Wa lipu hana ruhusa hiyo. Akiwahi, ukingo wa nakshi unalegea, akichelewa, unabanjuka. Na mbele yake si ua moja, ni mstari wa maua au mafundo yanayojirudia kutoka pembe hadi pembe, ambamo kosa la mkono lingeonekana mara moja kwa kuwa majirani zake wote wako sawa.

Kilele cha kazi ni zidaka, ule ukuta wa ndani uliojaa vishubaka kwa safu juu ya safu, kila kimoja na fremu yake ya nakshi. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za Uchina, vyombo vya thamani, misahafu. Vitu hivyo vingi vimeondoka, na kwa maoni yangu zidaka tupu zinafundisha zaidi. Simama kwanza hapo bila kusema. Chumba kina nusu giza. Mwanga wa kiwanda umeshapita misana miwili hata kufika, umedhoofika na unakuja kwa ubavu. Nakshi hazina rangi, ni nyeupe juu ya weupe. Zinasomeka kwa vivuli vyake tu, na ndiyo maana hazikuchimbwa kwa kina kikubwa: mwanga mdogo wa aina hiyo unatosha kuzitokeza zote. Ukiwasha taa kali mbele yake, nusu ya kazi inapotea. Fundi alijua saa za nyumba ile.

Milango nayo ina wapenzi wake wengi, na inastahili. Mfaa wa katikati, ulionakshiwa juu hadi chini, hupokea jua lote la njiani, kwa hiyo patasi huko ilichimba kwa nguvu zaidi. Ufundi huo bado unasikika mchana kutwa katika karakana za Lamu. Ni lipu inayonitia wasiwasi. Saruji imeingia, ni rahisi kupatikana na inakauka upesi, lakini haielewani na matumbawe. Inaufungia ukuta unyevu na chumvi, na baada ya muda lipu ya zamani iliyo jirani huanza kumomonyoka pamoja na nakshi zake. Kila mwenye nyumba anayekubali kungoja chokaa anastahili pongezi na, ingefaa, msaada wa fedha.

Basi mgeni wa Maulidi mwenye asubuhi moja tu aende Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, iliyoko humo humo mjini, avue viatu vya haraka, apite misana yote bila kupiga picha, akae mbele ya zidaka mpaka macho yazoee. Ngome ya Lamu aiache hadi safari nyingine.