Makala ya Wikipedia ya Kiswahili: Yapimwe kwa Kipimo Gani?

Uhakiki wetu umezoea tamthilia, riwaya na ushairi. Maandishi ya maarifa, yaani yale yanayoeleza mto, ugonjwa au maisha ya mtu mashuhuri, aghalabu huachiwa wataalamu wa fani zinazohusika, kana kwamba lugha iliyomo si kazi ya idara za lugha. Matokeo ya mgawanyo huu yanaonekana katika Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, na ambayo huandikwa na watu wanaojitolea bila malipo. Wanafunzi wetu huisoma. Sisi walimu huwakataza wasiitaje katika insha zao, kisha tunaishia hapo. Lakini kukataza si kuhakiki.

Si kwamba waandishi wenyewe hawana vipimo. Katika Wikipedia ya Kiingereza makala hupangwa kwa madaraja, tangu kijimakala cha mistari michache hadi makala teule, ambayo hudaiwa yawe mapana, yenye marejeo, yasiyoegemea upande na yaliyoandikwa vizuri. Taabu ni kwamba sifa zinazohesabika kwa urahisi ndizo zinazotawala: urefu, wingi wa marejeo, wingi wa picha. Hata uchunguzi maarufu wa jarida la Nature, wa mwaka 2005, ulikuwa wa kuhesabu. Wataalamu waliopitia mada 42 za sayansi walikuta wastani wa makosa manne hivi katika kila makala ya Wikipedia, na matatu hivi katika makala ya Encyclopaedia Britannica. Makosa mazito yalikuwa manane, manne kila upande. Wachapishaji wa Britannica walipinga vikali mwaka 2006, na mabishano yakawa juu ya hesabu. Malalamiko ya baadhi ya wataalamu hao kuhusu mpangilio mbovu wa makala ya Wikipedia hayakupata nafasi kubwa. Kwa Kiingereza, chenye warekebishaji wengi, yumkini hasara ilikuwa ndogo. Kwetu sivyo.

Tutunge mifano mitatu ya sentensi za aina inayopatikana sana katika tafsiri za mashine na za haraka: "Mto huu unaendesha kusini", "Alizaliwa kwa baba mkulima", "Jiji hili ni nyumbani kwa vyuo vitatu." Ukizipima kwa usahihi wa habari, zote tatu zaweza kupita bila dosari. Mto waelekea kusini kweli, baba alikuwa mkulima kweli, na vyuo ni vitatu. Ukihesabu makosa ya kisarufi, huenda usipate hata moja, maana viambishi vimekaa mahali pake. Hata hivyo hakuna mzee wa Mvita wala mkulima wa Taveta atakayesema hivyo. Atasema mto unateremka kuelekea kusini, baba yake alikuwa mkulima, na katika jiji hili mna vyuo vitatu. Kosa hapa halimo katika neno wala katika kiambishi. Limo katika fikira iliyoundwa kwa lugha nyingine ikavishwa maneno yetu. Kwa hiyo twaonelea kwamba kipimo cha kwanza cha makala ya Kiswahili kiwe hiki: je, makala yaliwazwa kwa Kiswahili? Kipimo hiki hakina hesabu, nacho chahitaji sikio. Ndiyo sababu hakiwezi kuachiwa kompyuta wala mashindano ya kuandika makala mengi kwa muda mfupi, ambayo huongeza idadi pasi na kumfunza mwandishi kuandika.

Asiyeamini kwamba jambo hili ni zito na atazame yaliyozipata lugha nyingine. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba maelfu ya makala katika Wikipedia ya Kiskoti yaliandikwa na kijana Mmarekani asiyeijua lugha hiyo. Mwaka 2025 uliamuliwa ufungaji wa Wikipedia ya Kigreenland, maana sehemu kubwa ya makala yake ilitokana na tafsiri za mashine zilizowekwa na wasioijua lugha. Mashine hizo nazo hufunzwa kwa maandishi yaliyomo mtandaoni. Lugha yenye maandishi machache huko hurudishiwa makosa yake yakiwa yameongezeka, na msomaji mchanga huyachukua kuwa ndiyo lugha sanifu.

Kipimo cha pili ni marejeo, na hapa pia wingi hudanganya. Tuchukue Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa. Mashairi yake mengi yametufikia kupitia kwa Mwalimu Sikujua na mmishenari William Taylor, kisha William Hichens akayachapisha mwaka 1940; mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa utafiti wake. Mtu aweza kuandika makala juu ya Muyaka yenye marejeo kumi, na yote kumi yakawa yamechota katika mkoba mmoja. Hao si mashahidi kumi. Makala bora yatamweleza msomaji njia ambayo mashairi yalipitia na mikono iliyoyagusa, hata kama marejeo yake ni mawili tu. Kadhalika kanuni ya Wikipedia kwamba habari iwe imekwisha kuchapishwa kwingine huyafungia nje mengi wanayoyajua wazee wetu. Wako wanaoilaumu kanuni kwa hilo. Sisi twaona lawama ielekezwe pia kwa idara zetu, ambazo hurekodi maneno ya wazee katika tasnifu kisha zikaziacha rafuni bila kuchapwa.

Yako mambo ambayo kitabu hakina. Makala mafupi katika Wikipedia ya Kiswahili huitwa "mbegu", na msomaji huambiwa waziwazi kwamba hayajakamilika. Ni kamusi ngapi za karatasi zilizowahi kukiri hivyo? Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na toleo la pili likaja mwaka 2004. Kosa la toleo la kwanza lilikuwa na miaka 23 ya kuishi. Kosa la Wikipedia laweza kuondolewa leo jioni, almuradi yuko anayeliona. Ukurasa wa historia huonyesha kila badiliko na tarehe yake, na ukurasa wa majadiliano ni mahali pa kubishana. Mhakiki asiyefungua kurasa hizi mbili hajayasoma makala. Akikuta makala marefu yaliyowekwa yote kwa siku moja na mtu mmoja, yasiguswe tena, na ukurasa wa majadiliano ukiwa mtupu, ana sababu ya kuyasoma kwa shaka, hata yakiwa na marejeo hamsini. Na akiliona kosa, kitufe cha kuhariri ki pale pale juu ya ukurasa.