Wa Kutandika au wa Kuweka?

Nilikuwa nimeinamia mkeka wa ukindu nje ya soko la Darajani, Unguja, wiki moja kabla ya Ramadhani. Ulikuwa na zambarau iliyokolea na kijani cha mpera, na weupe wake ulikuwa weupe kweli. Nikauliza bei. Bibi aliyekuwa akiuza hakunitajia bei. Alinitazama kwanza, akasema, "Mwanangu, unautaka wa kutandika au wa kuweka?"

Nilidhani ananitania. Mkeka una kazi gani zaidi ya kutandikwa? Akavuta mwingine kutoka chini ya rundo, wa rangi za kawaida tu, akaukunja mbele yangu mpaka ukawa mwembamba kama mkono wa mtu, akaukaza kwa kamba. Tukazungumza kidogo habari za nyumbani. Alipoufungua, ukalala chini wote, pembe zote nne. Kisha akanifanyia vivyo hivyo kwa ule wa zambarau. Pembe mbili zikabaki zimeinuka, kana kwamba zinataka kunisalimia.

"Huu wa kutandika," akasema. "Utandike leo, usiutoe mpaka uchakae. Wa kuweka ndio huu."

Mimi ni katika wale wanaobadilisha nyumba kwa misimu. Ramadhani ikiingia napanga sebule upya kwa ajili ya futari. Idi ina mapazia yake. Masika yakianza naondoa kila kitu kinachonyonya unyevu. Kipupwe kikija natoa vitambaa vizito. Sina fedha za kununua vipya kila mara, na hata ningekuwa nazo, vitu vya dukani vinanichosha macho. Kwa hiyo karibu kila kitu kwangu ama kimetengenezwa kwa mikono ama kimetoka mtumbani. Na kitu cha msimu kina maisha ya ajabu: hutumika wiki tatu au nne, kisha hukaa miezi mingi juu ya kabati. Ukikichagua kwa namna kinavyokuvutia sokoni, umepima sehemu ndogo kabisa ya maisha yake. Kinachohitaji kupimwa ni jinsi kinavyokubali kukunjwa, kufungiwa gizani, kisha kutolewa tena.

Tuanze na mkeka, kwa sababu ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Ukindu ni majani machanga ya mkindu, yanayokatwa kabla hayajafunguka, yakaanikwa mpaka yakapauka, kisha yakachanwa. Kila kijipande ni chane. Chane husukwa kuwa utepe mrefu, nao ndio ukili, na ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka upate upana. Miyaa ni kitu kingine. Hutoka kwenye mkoche, ni migumu zaidi, na kazi yake ni majamvi, vikapu na kamba. Si vibaya, ila usiuziwe jamvi kwa bei ya mkeka. Ukindu ukiushika ni laini na una mng'ao hafifu. Miyaa hukwaruza kiganja.

Tazama kwanza upana wa chane. Fundi makini huzichana nyembamba, za upana mmoja tangu mwanzo wa ukili hadi mwisho wake. Mwenye haraka huchanganya nene na nyembamba, na ukili wake huyumba kama mlevi. Chane nene husukika upesi, lakini ndizo zinazovunjika mkeka unapokunjwa, na zikishavunjika hubaki na ncha zinazochoma nguo.

Kisha fumba macho, upitishe kiganja kukata mishono. Mshono mzuri utauhisi kama mstari wa kalamu. Ukiuhisi kama tuta, uzi umevutwa mno, na hilo ndilo lililouharibu ule mkeka wa zambarau wa Darajani: ukili uliokazwa kupita kiasi hujikunja pembeni, na kila ukiuweka unazidi kujifunza kujikunja. Sasa uinue uwe kati yako na jua. Vitundu vya mwanga vilivyopangana juu ya mshono ni dalili kwamba shazia imeruka mahali. Shazia, kwa asiyeijua, ni ile sindano kubwa ya washona mikeka. Ukiwa hapo hapo tazama nakshi. Msusi hodari hupanga rangi ili kipande cha ukili huu kikutane na mwenzake wa ukili unaofuata. Asiye hodari anakuachia pembetatu zisizokutana, na ukimuuliza atakwambia ndiyo fasheni.

Mimi hubeba uzi. Napima kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, kisha zile mbili nyingine. Uzi ukizidi upande mmoja kwa vidole vinne, mkeka umekwenda upogo, na utaliona hilo kila siku ukiutandika kwenye chumba chenye vigae vilivyonyooka. Wauzaji hunicheka. Nawaacha.

Rangi ni rahisi. Lowesha kona ya leso nyeupe, sugua palipokolea zaidi. Alama hafifu haina neno, kwa kuwa rangi nyingi za mikeka huchemshwa na mara ya kwanza huachia kidogo. Leso ikitoka ya waridi kabisa, fikiria kanzu za wageni wako siku ya Idi. Mwishowe nusa. Ukindu mzuri una harufu ya majani makavu yaliyopigwa jua. Harufu ya kisima, au vidoadoa vyeusi kwenye sehemu zilizo nyeupe, ni koga, na koga haitoki. Wapo wanaoipaka rangi juu, ndiyo maana mkeka wenye rangi nyingi bila weupe wowote huwa naushuku mpaka niugeuze.

Mikeka ya plastiki sina ugomvi nayo. Inaoshwa kwa maji na sabuni, watoto wakimwaga uji haidhuriki. Lakini ina kelele chini ya miguu na ni ya moto unapoikalia mchana wa Februari. Niite mzee.

Jambo moja la wenye nyumba za pwani, kabla ya mapazia. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko wa kalenda ya ukutani, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote, na huchukua kama miaka 33 kurudi ilipoanzia. Idi ya Fitri ya mwaka 2016 tuliisherehekea mapema Julai, kipupwe, upepo wa kusi ukipuliza mapazia mpaka kwenye sahani za biriani. Ile ya 2024 iliangukia Aprili 10, masika, madirisha yamefungwa na ndani giza tangu saa tisa alasiri. Anayenunua pazia la Idi hanunui la hali moja ya hewa. Pazia jepesi jeupe linalopendeza kaskazi litapeperuka kusi. Zito la rangi ya mvinyo litageuza sebule kuwa pango masika. Ndiyo maana nahifadhi jozi mbili, na zote mbili ni za mtumba, kwa kuwa kitambaa cha uzito ule kikiwa kipya kinazidi mfuko wangu.

Mapazia ya mtumba, iwe Karume kule Ilala, iwe Kongowea kule Mombasa, huwa hazina ukijua pa kutazama. Muuzaji ataita "gredi wani" hata kwa kitambaa cha kufungia muhogo, hivyo neno hilo liache lipite. Shika ukingo wa pembeni, ule uliokuwa karibu na kioo cha dirisha huko lilikotoka, uvute kwa vidole gumba viwili, taratibu lakini kwa nguvu. Jua huweza kuua nyuzi kabla ya kuua rangi. Pazia linaweza kuonekana zima kabisa na likachanika kama karatasi siku unayolitundika. Mimi lilinitokea usiku wa kuamkia Idi, nikiwa juu ya kiti, mwanangu akishika taa. Brokedi ya dhahabu, nzuri ajabu. Sikuwa nimevuta ukingo. Nilikuwa nimevuta katikati, mahali ambapo jua halikuwahi kufika.

Baada ya hapo geuza. Pazia lenye bitana limelindwa, na bitana iliyopauka huku kitambaa cha mbele kikiwa kizima ni habari njema: imekufa badala ya mwenzake, na bitana hubadilishwa kwa fundi cherehani yeyote. Tazama pindo la chini. Likiwa pana, kama shubiri nzima, unaweza kulishusha kwa dirisha refu. Likiwa limeshonwa kwa mkono, kwa mishono mirefu isiyoonekana upande wa mbele, aliyelishona alijua kazi. Papasa na pembe za chini: ukihisi kitu kigumu kama kokoto ndani, ni vijizito vilivyowekwa ili pazia lianguke wima. Pazia la kiwandani la bei ya chini halina hayo. Na palipoungwa vitambaa viwili, ua liwe limekutana na nusu yake, kama ukili na ukili.

Mawili ya jozi moja uyatoe nje ya kibanda, uyaweke bega kwa bega mchana kweupe. Taa ya kibanda huficha kwamba moja lilikaa dirisha la mashariki na jingine kivulini. Upana wa yote mawili kwa pamoja uwe mara mbili ya dirisha lako, la sivyo ukiyafunga yatasimama kama shuka iliyoanikwa. Ukitaka kujua kitambaa ni nini, chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uuguse kwa kiberiti. Pamba na kitani hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka ikawa punje ngumu nyeusi. Sufu hunuka nywele. Muombe muuzaji ruhusa kwanza. Kitani kikikunjwa miezi sita hutoka na makunyanzi, lakini pasi na maji kidogo huyaondoa. Polista haina makunyanzi, ila harufu ya kabati huishika na kuing'ang'ania.

Kuhusu kanga za kufunikia mito na meza nitasema machache. Chapa iwe imepenya mpaka nyuma, rangi zisipishane kwenye mipaka ya maua, na mji uwe katikati ya pindo zote nne. Sugua kitambaa kwa kitambaa: unga mweupe ukitoka ni wanga, na baada ya kufua utabaki na kitu chepesi kama chandarua. Na usome jina, yaani yale maneno yake, kabla hujaitandika mahali wifi atakapokaa. Najua nyumba moja ambayo maneno ya mto wa kochi yalivunja urafiki wa miaka.

Shaba ni raha yangu. Mrashi, chetezo, dele la kahawa, vitu hivi hutoka kabatini Ramadhani na Idi tu, na madukani mwa vitu vikuukuu vimejaa vya kuigiza. Beba sumaku ndogo. Shaba haishikwi na sumaku. Kikishikwa ni chuma kilichopakwa. Pindua kitako: chombo kilichotumika kweli kina mikwaruzo isiyo na mpangilio, wakati kilichozeeshwa kwa dawa kina weusi sawa kila mahali, hata ndani ya shingo ambako hakuna mkono uliowahi kufika. Mrashi ujaze maji, uusubirishe juu ya karatasi wakati unapatana bei, kwa kuwa shingo na tumbo ni vipande viwili vilivyoungwa, na mahali hapo ndipo hupasuka. Doa la kijani si ugonjwa wa kufisha; ndimu na chumvi huliondoa. Ila usiisugue mpaka ing'ae kama bomba la bafuni. Chetezo cha udongo nacho kigonge kwa kucha: kilichoiva hulia, chenye ufa hujibu kwa sauti ya bonge.

Na vyote hivi vinakaa wapi? Kama una kasha la kizamani lenye misumari ya shaba, hapo ndipo. Makasha mengi yanayoitwa ya Kizanzibari yalitengenezwa India yakaja na majahazi, kwa hiyo usimgombe muuzaji akitaja Surat au Bombay; huenda ndiye mkweli pekee barabara nzima. Usitazame mbele, mbele kila mtu anajua kupamba. Vuta saraka, utazame pembe zake: kazi ya zamani ina meno ya mbao yaliyoingiana kama vidole, mpya ina gundi na msumari. Lisogeze uone mgongo na sakafu yake, kwani mbao za mbele hupendeza huku za nyuma ni plaiwudi ya majuzi. Ingiza kichwa ndani unuse.

Kisha omba jambo ambalo muuzaji wa haraka hatalikubali: kutandaza karatasi nyeupe chini ya kasha na kurudi kesho yake. Asubuhi ukikuta vumbi la unga laini la mbao, fukusi wamo kazini. Mshukuru, uondoke, na kama alikuwa amekunja mkeka mzuri ndani yake, huo pia muachie.