Ubahili wa Graciliano Ramos

Kasuku wameshamla njiani, kwa njaa. Sinha Vitória anajipoza moyo: ndege gani yule, hata kusema hajui! Lakini angejifunzia wapi, kwa watu wasiozungumza?

Ndivyo inavyoanza *Vidas Secas*, riwaya ya mwaka 1938 ya Graciliano Ramos, kuhusu mchunga ng'ombe Fabiano, mkewe Sinha Vitória na wana wao wawili, wakimbizi wa ukame katika sertão, nyika ya kaskazini-mashariki mwa Brazili. Kabla ya vitabu, Ramos alikuwa meya wa Palmeira dos Índios. Ripoti zake kwa gavana, kwa lugha isiyo na mapambo, zilimvutia mchapishaji. Mkono huohuo wa bahili ndio ulioandika riwaya hii.

Watoto hawapewi hata majina: yupo mkubwa, yupo mdogo. Mkubwa analisikia neno "jehanamu" kwa bibi mmoja, analipenda mlio wake, anamuuliza mama maana yake. Mahali pabaya, pa moto, anaambiwa. Anapouliza kama mama amewahi kupaona, anapigwa konzi. Mahali pa moto mtoto huyo amepatembea kwa miguu tangu ukurasa wa kwanza, ila Ramos hatuambii. Anatuachia tuone wenyewe.

Hesabu nazo ni hivyohivyo. Sinha Vitória anahesabu ujira kwa mbegu sakafuni, tajiri wao kwa kalamu. Hazilingani. Iliyopungua, anasema tajiri, ni riba. Fabiano anang'aka kidogo, kisha anaomba radhi na kutoka, kofia mkononi.

Bahili anakunjua mkono mara moja tu, kwa mbwa. Yeye ana jina, Baleia, yaani nyangumi, katika nchi ambayo mito yake imekauka. Sura yake ndiyo iliyoandikwa kwanza, ikiwa hadithi fupi. Fabiano anadhani ana kichaa cha mbwa, anampiga risasi. Naye akikata roho anaota dunia iliyojaa simbilisi wanono. Sinha Vitória, miaka yote, ameota kitanda cha ngozi.

Kabla ya mlio wa bunduki, mama amejifungia ndani na wanawe wasisikie. Masikio ni manne, mikono miwili. Kichwa cha mkubwa anakibana mapajani. Masikio ya mdogo anayaziba kwa viganja.