Mkahawa Usio na Kahawa

Barabara ya Kyarumba hupanda vilima vya Rwenzori katikati ya mashamba ya kahawa. Huko nilikula katika mkahawa mdogo uliojificha nyuma ya soko. Niliagiza obundu, ugali wa muhogo wa Wakonzo, kwa sombe na samaki. Ugali ulikuwa laini; sombe ilitwangwa ikatwangika, ikaungwa kwa karanga; samaki alikolea chumvi. Kwa mlo huo sina lawama.

Lawama yangu ni kikombe. Nilipoomba kahawa, nililetewa maji ya moto na kopo la kahawa ya kiwandani, ilhali uani buni zilikuwa zimeanikwa juani.

"Hizo ni za kuuza, mwanangu," alinijibu mama mpishi.

Aliyeweza kutwanga sombe namna ile hashindwi kukaanga buni. Ujuzi anao, anachokosa ni imani kwamba mgeni atakipenda cha kwake. Tena kahawa hupangiwa daraja kwa kuonjwa. Mkulima asiyeionja yake humwachia mnunuzi kusema kama ni nzuri au mbaya, na bei huufuata ulimi huo.

Nitarudi kula obundu. Siku hiyo nitamwomba anikaangie buni, tunywe sote wawili.